Sindano, Chungu na Gongo: Ufundi wa Wanawake Gerezani, Ukiutazama Kutoka Ufipa

Kuna swali limenikaa kichwani tangu Nane Nane, na nisipoliandika litanisumbua hadi Krismasi. Ukienda viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, ambako mikoa ya Nyanda za Juu Kusini pamoja na Rukwa yetu hufanyia maonyesho, banda la Magereza huwezi kulikosa. Watu wanalipenda. Upande mmja wa meza unakuta kazi za wanaume: viti vya mninga, viatu vya ngozi, mbegu za mahindi. Upande wa pili kazi za wanawake: vitambaa vya makochi, sweta, mashuka yaliyodariziwa maua, vikapu. Niliulizia bei ya sweta, nikaondoka na swali. Hivi nani aliamua kwamba mwanamke akifungwa apewe sindano?

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Sina ugomvi na sindano. Nimekulia Sumbawanga, mahali ambapo mwezi Juni ukitoka nje alfajiri bila sweta unajuta kuzaliwa. Lakini kazi yangu ni kuuliza maswali, na hili nikaanza kulifuatilia kwenye vitabu, kwenye sheria na kwa wazee. Nilichokuta ni kwamba sindano ina safari ndefu, na safari hiyo haikuanzia Ufipa.

Tuanze nyumbani. Wengi mnaijua Sumbawanga kwa utani tu. Jina lenyewe linafasiriwa "tupa uchawi", na nilipokuwa chuo hapakupita wiki bila mtu kuniuliza radi inauzwa shilingi ngapi. Sawa, tumezoea. Kisichotajwa ni kwamba uwanda huu wa juu, uliokaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ulikuwa karakana. Karakana kweli. Hadi leo ukizunguka vijijini utakuta mabaki ya malungu, yaani matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, mengine yakiwa na urefu wa karibu mita 3. Lilungu halikuhitaji mivukuto. Lilijengwa kwa namna ambayo hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukawaka kwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka kikapelekwa kwenye tanuru dogo, lenye mivukuto sasa, kusafishwa kabla ya kufuliwa majembe na shoka.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mafundi chuma wa Kifipa walilichukulia lilungu kama bibi harusi. Walilipamba, wakalifanyia mila za arusi, na wakati wa kazi wakajizuia na wake zao. Bibi harusi alikuwa tanuru, lakini wanawake wenyewe waliwekwa mbali na kazi hiyo. Huo ndio mgawanyo wa ufundi uliokuwepo, na tusijidanganye kwamba kabla ya wageni kila kitu kilikuwa sawa kwa sawa.

Kinachonivutia zaidi ni nguo. Mpelelezi Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880, akipita katika himaya ya Mwene Kapufi wa Nkansi, alikuta watu wa kilimo na wa pamba. Wafipa na majirani zao wa bonde la Rukwa walilima pamba, wakaisokota, wakafuma nguo nzito zilizosifika katika sehemu hizi za bara. Na waliokaa kwenye kitanda cha kufumia walikuwa wanaume. Narudia: wanaume. Huku kwetu, mwanamume kukaa na uzi siku nzima ilikuwa kazi ya heshima. Leo mwambie kijana wa Sumbawanga afume kitambaa cha kochi uone atakavyokutazama.

Wanawake walikuwa na ufundi wao. Wa kwanza ni ufinyanzi. Kujua udongo upi uchimbwe, upondwe vipi, uchanganywe na nini ili chungu kisipasuke motoni, kisha kukiinua chungu kwa mikono mitupu bila gurudumu na kukichoma kwa moto wa wazi, hiyo ni elimu ya miaka. Wa pili ni pombe ya ulezi. Najua kuna watakaosema pombe siyo ufundi. Basi jaribu wewe. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa, unaachwa uchachuke, na kosa dogo la siku moja linaharibu pipa zima. Ufipani pombe hiyo ndiyo ilikuwa inakusanya watu shambani. Mtu akitaka majirani wamsaidie kulima, mkewe anapika, watu wanakuja, wanalima, wanakunywa. Ikaingia kwenye arusi, kwenye misiba, kwenye mambo ya utawala. Yule mama aliyejua kupika vizuri alikuwa na nafasi yake kijijini. Iweke akilini hiyo pombe, tutairudia.

Sindano ilikujaje basi? Ilipandia ziwani, Karema. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe. Karema siku hizi iko Mkoa wa Katavi, maana Rukwa iligawanywa mwaka 2012, lakini kwa historia ya Ukatoliki wa Ufipa kila kitu kinaanzia pale. Wamisionari walikusanya watoto na wanawake waliokombolewa utumwani, na mwaka 1894 wakafika Masista Weupe. Wasichana wakafundishwa kusoma, katekisimu, kufua, kupiga pasi na kushona. Lengo halikufichwa: walitakiwa wake wema wa Kikristo kwa vijana waliokuwa wakilelewa misheni. Kutoka kwenye mazingira hayo ndipo lilipozaliwa shirika letu la Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambalo wengi wetu tumesomeshwa au kutibiwa nalo, kwa hiyo siwezi kusema masista walileta hasara. Ila waliingia na picha yao ya mwanamke, na mkononi mwa mwanamke huyo palikuwa na sindano.

Upande wa pili, nguo za madukani zilikuwa zinaingia, na vitanda vya kufumia vya wanaume vikaanza kunyamaza kimoja baada ya kingine. Baada ya vizazi viwili vitatu watu walishasahau kwamba uzi ulikuwa wa wanaume. Uzi ukawa wa kike "tangu zamani". Mambo mengi tunayoyaita mila yetu yana umri wa bibi zetu tu.

Picha hiyo ya mwanamke na sindano ilikuwa na ndugu yake Ulaya, na ndugu huyo alikuwa anaishi gerezani. Hapa itabidi twende London kidogo. Mwaka 1813 mama mmoja wa dhehebu la Quaker, Elizabeth Fry, aliingia gereza la Newgate akakuta wanawake na watoto wamesongamana, wengine wamelala sakafuni, wanapigana, wanakunywa. Alirudi baadaye, na mwaka 1817 akaanzisha pamoja na wenzake chama cha kuwasaidia. Walipeleka vitambaa, uzi na sindano. Wakubwa wa gereza walimwambia anapoteza muda, wale wanawake wataiba vitambaa na kuuza. Haikuwa hivyo. Walishona na kufuma, bidhaa zikauzwa, na sehemu ya pesa ikaenda kwao wenyewe.

Kuna kitu kimoja alifanya Fry ambacho nadhani kimesahaulika kuliko vyote. Kabla ya kuanza, aliwasomea wafungwa kanuni moja moja, wakazipigia kura kwa kuinua mikono. Waliulizwa! Fikiria, mwaka 1817, wanawake wa Kiingereza hawana kura ya ubunge na hawataipata kwa miaka mia nyingine, lakini mle gerezani wanapiga kura juu ya kanuni zao. Dunia ikachukua sindano ya Fry, ikaacha kura yake.

Kazi hiyo iliendelea hadi kwenye meli zilizowapeleka wafungwa Australia. Mwaka 1841 meli iitwayo Rajah ilisafirisha wanawake wapatao 180 kwenda Tasmania. Kamati ya akina mama wale wa London iliwapa mifuko yenye vipande vya vitambaa, nyuzi na sindano, na njiani baadhi yao wakaunganisha blanketi la vipande 2,815. Blanketi hilo lilipotea zaidi ya karne, likapatikana Scotland, na tangu 1989 liko katika Jumba la Taifa la Sanaa la Australia, Canberra. Limedariziwa maneno ya kuwashukuru wanakamati waliotoa vitambaa. Majina ya wanawake walioshona hayapo. Ukitaka kuelewa historia nzima ya ufundi wa wanawake gerezani unaweza kuanza na kuishia kwenye blanketi lile: kazi ni ya mfungwa, jina ni la mfadhili.

Gereza la kisasa lilifika Ufipa pamoja na boma la Wajerumani, kule Bismarckburg, yaani Kasanga, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Enzi za Mjerumani gereza halikuwa mahali pa kufundisha mtu kitu. Lilikuwa la mnyororo, kiboko na kazi za boma. Amri ya serikali yao ya mwaka 1896 ilikataza mwanamke kuchapwa viboko, na huo ndio karibu upole pekee uliokuwepo. Waingereza walipochukua nchi waliliacha gereza chini ya polisi kwa miaka kadhaa, hadi tarehe 25 Agosti 1931 Magereza ilipotenganishwa ikawa idara yake. Polepole zikaja karakana: useremala, ushonaji viatu, ushonaji nguo. Karakana zilikuwa kwenye magereza makubwa na zilikuwa za wanaume.

Wanawake walikuwa wapi? Walikuwa wachache, na uchache wao ndio umewaponza mpaka leo. Duniani kote wanawake ni takriban asilimia 7 tu ya watu walio magerezani, na Tanzania wako chini ya hapo. Gereza la wilaya linaweza kuwa na mamia ya wanaume na chumba kimoja cha wanawake kilichobanwa pembeni mwa ukuta. Hakuna mkuu wa gereza atakayewajengea wanawake kumi na mbili karakana ya kuchomelea vyuma. Atatafuta kitu kinachofanyika wakiwa wamekaa, ndani ya ua, bila umeme, chini ya askari mmoja wa kike, na kisichohitaji panga wala shoka. Ukishaorodhesha masharti hayo, kilichobaki ni nini? Sindano. Kwa hiyo siyo fikra za kizamani peke yake. Jengo nalo limechangia, ukuta umechangia, hesabu imechangia. Nchi hii ina magereza machache yaliyotengwa kwa ajili ya wanawake, Kingolwira pale Morogoro likiwa maarufu zaidi, lakini ukimhamishia mama wa Kalambo au wa Kirando huko, ndugu zake watamtembeleaje? Chagua: ufundi mzuri mbali na watoto, au vitambaa karibu nao.

Baada ya uhuru kukaja falsafa mpya. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 ilitungwa mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na hewa ya wakati ule ilikuwa kujitegemea. Magereza nayo ijitegemee. Mwaka 1974 likaundwa shirika la uzalishaji mali la Magereza, SHIMA, kusimamia mashamba, viwanda na mifugo. Kwetu Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka huohuo wa 1974 na ambao baadaye ukawa mmoja wa ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, gereza la kilimo la Mollo nje ya mji wa Sumbawanga ndilo sura ya falsafa hiyo. Wafungwa wanalima, na wanalima kwelikweli.

Ila neno "kujitegemea" lina mtego. Anayejitegemea ni nani, mfungwa au gereza? Mfungwa akilima ekari nyingi, gereza linakula na ziada inauzwa. Ni sawa kabisa, sheria inaruhusu, na hata Mkataba wa Kazi za Kulazimishwa wa mwaka 1930 wa Shirika la Kazi Duniani haukuzihesabu kazi za mfungwa aliyehukumiwa na mahakama, alimradi ziwe chini ya usimamizi wa serikali na asikodishwe kwa watu binafsi. Julai 2018, Rais Magufuli alipomwapisha Kamishna Jenerali Phaustine Kasike, alisema wazi kwamba wafungwa wafanye kazi na wajilishe, na wananchi wengi walipiga makofi. Nami sioni sababu ya mfungwa kukaa bure. Lakini kazi ya kumlisha mfungwa leo na ufundi wa kumlisha kesho akishatoka ni vitu viwili, na mara nyingi hotuba zetu zinavichanganya. Mfungwa anaweza kupalilia miaka 5 akatoka akijua kupalilia, kitu alichokijua tangu ana miaka 7.

Kwa wanawake mchanganyiko huo unavaa nguo nyingine. Kitambaa cha kochi kinaitwa "mafunzo". Lakini kama mama amefundishwa kufuma kitambaa kilekile miaka mitatu, kinauzwa, na hajawahi kushika cherehani, hajakata sare ya shule, hajapiga hesabu ya gharama na bei, hayo siyo mafunzo. Hayo ni uzalishaji.

Naomba nitoke nje ya mipaka kidogo, kwa sababu majirani wamepita njia hiyohiyo na mifano yao inasaidia. Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza waliwafunga maelfu ya wanawake kambi ya Kamiti. Huko sindano ilipewa kazi ya kisiasa kabisa. Nje ya kambi, vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 chini ya mkono wa serikali, vilikuwa vinafundisha ushonaji, usafi na malezi. Ndani ya kambi mambo kama hayo yakaitwa "kurekebisha tabia". Mwanamke aliyeapa kupigania ardhi alitakiwa atoke akiwa mama mtulivu wa nyumbani. Eileen Fletcher, Quaker kama Fry, aliajiriwa kama ofisa wa urekebishaji huo. Alijiuzulu, na mwaka 1956 akaitoa Uingereza nzima jasho kwa kueleza kwamba alikuta mle wasichana wadogo wa miaka 11 na 12 waliohukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Watoto! Mpaka wa mpango mzima ulionekana hapo.

Uganda ndiko kulikotoka mfano unaonifurahisha zaidi. Gereza la wanawake la Luzira, Kampala, lina mikeka, vikapu na mikoba kama kwingine. Lakini mmoja wa wafungwa wake, Susan Kigula, aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 2002, hakuishia kwenye vikapu. Aliongoza kesi ya wafungwa zaidi ya 400 waliosubiri kitanzi, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikathibitisha kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji hiari ni kinyume cha katiba. Akiwa bado ndani alisoma sheria kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London. Alitoka mwaka 2016. Simaanishi kila mfungwa wa Sumbawanga asome sheria. Namaanisha kwamba mtu aliyeangaliwa kama mkono wa kusuka kikapu alikuwa na kichwa kilichobadilisha sheria ya nchi, na kama Luzira ingekuwa na mikeka tu tusingejua.

Sasa turudi kwenye ile pombe niliyokwambia uiweke akilini.

Miongoni mwa makosa yanayowapeleka wanawake wa vijijini gerezani, gongo lina nafasi yake ya kudumu. Sheria ya mwaka 1966 ilikataza mtu kutengeneza moshi, jina la kisheria la gongo, bila leseni. Sitetei gongo. Nimeandika habari za watu waliopofuka na waliokufa, najua linachofanya. Lakini mtazame anayekamatwa. Ni mama aliyerithi kutoka kwa mama yake elimu ya kuotesha nafaka, kupima moto, kujua muda wa uchachu kwa harufu. Yaani ni yuleyule fundi wa pombe ya ulezi, ameongeza pipa na bomba kwa sababu gongo halichachi likaharibika na lina faida haraka. Anafungwa kwa sababu ya ufundi. Akifika ndani, kadi yake inasoma hana ujuzi wowote, basi anaanza kufundishwa kushika sindano ya kufumia kama mtoto wa darasa la pili.

Hakuna anayemuuliza anajua nini. Mtu anayejua kusimamia uchachu anaweza kufundishwa kusindika: maziwa ya mtindi, divai ya matunda, siki, unga wa lishe wa ulezi ule ule. Mfinyanzi anaweza kufundishwa kutengeneza majiko ya udongo yanayobana mkaa, bidhaa ambayo mji wowote unaihitaji. Nchi hii ina utaratibu wa VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, wa kurasimisha ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, akapimwa na kupewa cheti. Fundi gereji aliyejifunzia chini ya mwembe ananufaika nao. Sioni kwa nini asinufaike mfinyanzi aliye ndani ya ukuta, na cheti chake kiandikwe VETA, kisitaje gereza hata kwa herufi ndogo.

Kuna kikwazo cha muda, na lazima nikiseme. Kozi ndefu za VETA zinakwenda kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu. Mama wa gongo aliyefungwa miezi 6 hamalizi hata ya kwanza. Kwa kosa la namna hiyo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu atumikie adhabu nje, kwa sababu inahusu vifungo visivyozidi miaka 3, na kama angetumikia nje angeweza kupelekwa chuo cha maendeleo ya wananchi kama kile cha Chala, Nkasi, akajifunza huku analala kwake na watoto wake. Upande mwingine wa kamba yupo mahabusu wa kesi ya mauaji, kosa lisilo na dhamana. Huyu anaweza kukaa miaka akisubiri kikao cha Mahakama Kuu. Muda anao tele. Lakini hajahukumiwa, hivyo halazimiki kufanya kazi, na mafunzo yanapangwa kwa waliohukumiwa. Mwenye muda hana darasa, mwenye darasa hana muda.

Baada ya maneno yote haya utadhani nitasema sweta zitupwe. Hapana bwana. Nikiangalia soko la Sumbawanga, katika orodha yote ya ufundi wa sindano, sweta ndiyo yenye akili zaidi. Baridi yetu haina mjadala. Mitumba inaleta sweta nyingi, lakini haiwezi kuleta sweta ya sare ya shule, yenye rangi ya shule fulani, mistari miwili shingoni na ukubwa wa mtoto fulani. Hiyo lazima ifumwe hapahapa. Ndiyo maana kwenye vibaraza vya mjini unawaona akina mama na mashine zao za kufumia, ile ndefu kama kinanda, wanapeleka mkono kushoto na kulia, nyuma yao zimening'inia sweta za kijani, za damu ya mzee na za buluu. Mteja anataja shule tu, fundi anajua rangi. Nimewahi kukaa na mmoja wao karibu saa nzima. Aliniambia kufuma siyo kazi ngumu, kazi ngumu ni kupata mashine na mzigo wa kwanza wa nyuzi.

Tazama kalenda basi. Misamaha ya Rais kwa wafungwa mara nyingi hutolewa kwenye sikukuu za kitaifa, hasa Muungano, tarehe 26 Aprili, na Uhuru, tarehe 9 Desemba. Anayetoka mwishoni mwa Aprili anaikuta baridi ya Ufipa inaanza kuuma. Anayetoka tarehe 9 Desemba anazo wiki kama nne hivi kabla shule hazijafunguliwa Januari, wakati wazazi wanahangaika na sare kuliko msimu wowote. Kwa fundi sweta hakuna tarehe nzuri kuliko hizo mbili. Mashine ya kufumia anayoijua kwa miaka mitatu, ile aliyoizoea mpaka anaijua inapogoma, inabaki ndani kwenye orodha ya mali za gereza, na yeye anapanda basi la kwenda Laela au Namanyere na nauli yake.